Ahadi ya Daktari Ansila

Nina kesi ya kuwaletea, lakini nawaomba mnivumilie mpaka mwisho kabla hamjaanza kubishana. Najua mtabishana. Kila nilipoisimulia, watu waliokuja wameshikana mikono waliondoka hawasemezani.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Daktari Ansila Komba, mtaalamu wa fizikia, mtu mzima mwenye wajukuu. Kazi yake ilikuwa kutafuta vitu visivyoonekana. Kuna chembe ndogo mno zinazotunyeshea kutoka juu angani, mchana na usiku. Zinapenya mabati, zinapenya miili yetu, zinazama ardhini, wala hatuzihisi. Daktari Ansila alitengeneza kwa mikono yake chombo cha kuzinasa, akakiita kigunduzi. Ndani yake mlikuwa na mabamba ya silikoni yaliyopangwa moja juu ya jingine kama sahani kabatini, na kila bamba limegawanywa kuwa viraba vidogo kuliko punje ya chumvi, maelfu kwa maelfu. Viraba hivyo huitwa pikseli. Chembe ikipita, pikseli iliyoguswa hutoa cheche ya umeme. Unganisha pikseli zilizoguswa kwenye kila bamba, utapata mstari: chembe ilitokea huku, ikaelekea kule.

Mabamba hayo alipewa na wenzake wa maabara moja ya ng'ambo, yakiwa masalia ya jaribio lao kubwa. Yalikuwa machache, na hapakuwa na pa kupata mengine. Akakiweka kigunduzi chake chini ya ardhi, katika mgodi wa dhahabu wa Ilelema ulioachwa zamani, kwa sababu mwamba huzichuja chembe hizo, zikabaki chache anazoweza kuzichunguza moja moja. Kisha akatafuta watu watatu wa kufanya nao kazi, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Zaituni, mwanamke wa Pangani, mwenye kipaji cha kusawazisha. Maana pikseli si viumbe wa kuaminika. Kila moja lazima iwekewe kizingiti, kwamba cheche isiyofika hapa usiihesabu. Kizingiti kikiwa chini mno, pikseli hupiga kelele bila kuguswa na kitu. Kikiwa juu mno, inakuwa kiziwi. Na joto likibadilika kidogo tu, vizingiti vyote vinahama. Zaituni alizijua pikseli zake kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyowajua watoto wake: huyu mropokaji, huyu mzito wa kusikia, huyu husema kweli ila hujivuta.

Wa pili alikuwa Ambakisye, aliyezaliwa kwenye miteremko ya mlima wa volkano huko kwao Unyakyusa. Kipaji chake kilikuwa kuisoma mistari na kungoja. Ukimwonyesha mistari michache imeelekea upande mmoja, alisema, "Bado." Ukimwonyesha mingi, alikuna kidevu akasema, "Bado kidogo." Wenzake walimwita Bwana Bado, naye hakukasirika. Lakini siku aliyosema "ndiyo", ungeweza kujenga nyumba juu ya neno hilo.

Wa tatu alikuwa Masalu, mhandisi wa migodi kutoka Geita, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha mwamba hauwadhuru wenzake. Kipaji chake kilikuwa mikononi na moyoni. Masalu akianza kuvunja jiwe, uchovu ulikuwa habari ya watu wengine. Hakuwa msemaji, lakini mahali alipokuwapo watu walilala usingizi.

Mvua za masika zilipoanza, Zaituni alimfuata Daktari Ansila ofisini.

"Mama, chumba cha kigunduzi kimepoa," alisema. "Vizingiti vimehama. Tukiendelea kupima hivi tutakuwa tunaandika uongo."

Ambakisye, aliyekuwa amekaa dirishani, alisema, "Si tungoje mvua zipungue? Mgodi huu siuamini ukilowa."

"Na takwimu za wiki zote hizo nizitupe?" Zaituni akauliza.

Daktari Ansila aliwasikiliza wote, akaamua washuke. Na kwa kuwa alikuwa hajashuka siku nyingi, akasema atakwenda nao. Masalu alitangulia. Alipita akiigonga dari ya njia kwa fimbo ya chuma, hatua kwa hatua, akisikiliza mlio wake. Alirudi akasema, "Dari ni nzima. Twendeni."

Wakashuka.

Walikuwa chumbani, Zaituni ameinamia kompyuta, Ambakisye anamenya chungwa, Masalu anaangalia unyevu ukutani. Daktari Ansila alikuwa akicheka jambo alilosema Ambakisye. Baadaye hakukumbuka lilikuwa jambo gani. Ulisikika mngurumo kama wa lori linalomwaga kokoto, taa zikazimika, upepo mzito wa vumbi ukamtupa chini, na kitu kikamwangukia mguuni.

Alipoweza kusema, aliita majina yao. Wakaitika, mmoja mmoja, wakikohoa. Taa za kofia zikawashwa. Masalu alilisukuma lile jiwe lililombana kwa mtaimbo mpaka likabingirika, na hapo ndipo Daktari Ansila alipoona kwamba chini ya goti mguu wake ulielekea mahali pasipostahili. Waliufunga kwa mbao na waya, wakamlaza juu ya meza. Hakupiga kelele. Aliuma ukosi wa koti lake.

Njia waliyoingilia ilikuwa imezibwa na kifusi, kutoka sakafuni hadi darini. Simu ya waya iliyounganisha chumba na watu wa juu ilikuwa imekufa. Masalu aligonga bomba kwa nyundo, akatega sikio, akagonga tena. Hakikurudi kitu.

"Watakuja," alisema Daktari Ansila.

"Watakuja, Daktari," Masalu alisema. "Ila sijui kifusi hiki kinaishia wapi. Na maji hayatawangoja."

Ndipo wote wakayaona. Yaliingia taratibu kando ya sakafu, kama mgeni anayeona haya. Pampu iliyokuwa ikiukausha mgodi ilibaki upande wa pili wa kifusi, na sasa ilikuwa kimya.

Masalu alisema kwamba wachimbaji wa zamani walikuwa na mashimo ya kupitishia hewa, na kwamba mengine hayamo kwenye ramani yoyote. "Lazima lipo moja karibu na hapa. Huwezi kuchimba chumba kirefu hivi bila hewa. Lakini liko ukuta gani? Nikianza kuubomoa ukuta usio wenyewe, nguvu zitakwisha kabla sijaanza wa pili."

Ambakisye aliinua kichwa. "Mwamba unazuia chembe," alisema polepole. "Penye shimo hakuna mwamba."

"Basi upande wenye shimo chembe zitaingia kwa wingi," Zaituni akamalizia, na wote wakageuka kukitazama kigunduzi.

Kilikuwa kizima, au karibu ya kuwa kizima. Betri yake ilikuwa na nguvu. Lakini kasha lake jeusi lilikuwa limepata ufa pembeni, na silikoni ikiona mwanga huchanganyikiwa. Kila pikseli hudhani imeguswa. Zaituni alijaribu kuuziba ufa ule kwa gundi ya karatasi na kitambaa, lakini kitambaa kilikuwa kimelowa na gundi haikushika.

"Kinaweza kuona," alisema, "ikiwa sisi hatutaona. Lazima tuzime taa zote. Mpaka kimalize."

Basi fikirini. Mtu amevunjika mguu, amelala juu ya meza chini ya ardhi, anasikia maji yakipanda, na anaambiwa azime taa. Daktari Ansila alikuwa mkubwa wao. Bila neno lake wasingezima. Aliitazama nuru ya kofia yake kwenye dari yenye nyufa, akaitazama kama mtu anayeaga.

"Zimeni," alisema.

Giza la chini ya ardhi si kama la chumbani, ambalo macho huzoea. Hili halizoeleki. Daktari Ansila alifungua macho na kuyafumba, hakuona tofauti. Alihisi dari imeshuka mpaka puani kwake. Alinyoosha mkono kuisukuma, mkono ukaelea kwenye hewa tupu. Alisikia maji yakilamba miguu ya meza. Alimfikiria mumewe marehemu, akafikiri pia juu ya sufuria aliyoiacha imelowekwa maharage, na hilo la maharage ndilo lililomliza.

"Wanangu," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Nimeogopa. Sijawahi kuogopa hivi. Nisikilizeni. Atakayenitoa humu nikiwa hai, kigunduzi hiki nitampa. Kitakuwa chake, na hakuna atakayemuuliza anakipeleka wapi."

Kila mmoja alisikia, na kila mmoja alijua angekipeleka wapi.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Zaituni alikaa kwenye maji akajifunika koti zito la Masalu kichwani, yeye na kompyuta, ili mwanga wa kioo usitoke. Kwanza alikuta pikseli karibu zote zinapiga kelele, kwa kuwa kipoozeo kilikuwa kimekufa na mabamba yanachemka. Akapapasa, akapata ndoo ya bati, akaijaza maji yaleyale yaliyokuwa yakiwatafuta, akaketisha juu yake kitako cha chuma cha kigunduzi. Kikapoa. Kisha akaanza kusawazisha, bamba kwa bamba, akipandisha kizingiti hapa, akishusha pale. Alikuwa na kifungo kidogo chenye mionzi hafifu, cha kupimia. Alikipitisha juu ya mabamba: pikseli ya kweli ilihesabu zaidi kifungo kilipokaribia, pikseli ya uongo ilisema yaleyale kikiwapo na kisipokuwapo. Hizo za uongo akazinyamazisha.

Walipokusanya mistari ya kwanza, palitokea kundi nene upande wa kushoto. Masalu alikuwa ameshainua mtaimbo.

"Nipige?"

"Bado," alisema Ambakisye.

"Ngoja nilipime tena," alisema Zaituni. Akakipitisha kifungo tena, na tena. Lile kundi halikubadilika hata kidogo. "Ni uongo," alisema. "Ni pikseli za kando ya ufa. Maji yamezirukia. Kushoto hakuna kitu."

Masalu aliushusha mtaimbo. Akasema kwa sauti ya chini, "Sasa ndiyo nakumbuka: kushoto kuna handaki la zamani lililojaa maji. Ningelifungua."

Daktari Ansila alilisikia tu koti likichakachaka, Zaituni amerudi chini yake kuzinyamazisha zile za kando ya ufa.

Kazi ikamfikia Ambakisye. Alichukua mistari iliyobaki, ile ya kweli, akaanza kuifuata kuelekea ilikotoka. Ilikuwa michache, kwa kuwa chembe zinazofika chini ya mwamba hazina haraka na mtu. Maji yalifika juu ya meza. Daktari Ansila aliyahisi mgongoni, baridi, na mguu wake ukaanza kuelea kwenye mbao zake, na maumivu yakampanda mpaka kwenye meno.

"Ambakisye, umeona nini?"

"Naona kitu ukuta wa nyuma, Daktari. Juu juu."

"Basi chimbeni!"

"Bado."

"Mimi ndiye mkubwa hapa! Nasema chimbeni!"

"Najua, Daktari. Najua upande, sijui umbali. Shimo linaweza kuwa karibu na ukuta au mbali ndani ya mlima. Lazima tukihamishe kigunduzi mpaka ule upande mwingine, tupime upya. Mistari ya hapa na ya kule itakutana mahali, na pale ndipo shimo lilipo."

Daktari Ansila alimchukia wakati ule. Alimtukana kwa lugha ya nyumbani kwao, lugha ambayo Ambakisye haijui, lakini tusi halihitaji mkalimani. Ambakisye aligeukia kazi. Alimsaidia Zaituni kubeba kigunduzi kifuani kwenye maji, wakakihamisha na ndoo yake, Zaituni akakisawazisha upya, na Ambakisye akangoja. Aliushikilia mkono wa Daktari Ansila muda wote wa kungoja, na Daktari Ansila, pamoja na chuki yake, hakuuachia.

Mwishowe alisema, "Ndiyo." Akawasha taa yake, na nuru ile ikawaumiza macho wote. Alivuka mpaka ukuta wa nyuma, akaweka kiganja chake kwenye kimo cha bega. "Hapa, kwa kupandisha kidogo. Mwamba ni mwembamba hapa, kwingine ni mlima mtupu."

Ikawa zamu ya Masalu. Mahali palipoonyeshwa palikuwa pabaya kuliko pote, kwa sababu kuchimba kwa kupandisha ni kuyaita mawe yakuangukie usoni. Alisimama kwenye maji ya kiunoni akapiga. Mapande yalimgonga mabegani, akapiga. Kofia yake ilipasuka, akapiga. Wenzake walijaribu kumpokea, lakini Zaituni hakuweza hata kuuinua mtaimbo juu ya kichwa, na Ambakisye alipiga mapigo machache akaanguka akihema, maana hewa ilikuwa imechoka. Masalu akauchukua tena.

Kisha bamba la jiwe liliporomoka likambana mkono wa kulia ukutani. Walisikia vidole vikivunjika. Masalu alitoa mguno mmoja, akauchomoa mkono, akauangalia kwenye nuru ya taa. Vidole viwili havikuwa na umbo tena. Akauhamishia mtaimbo mkono wa kushoto.

"Masalu, pumzika," alisema Daktari Ansila. Yeye sasa alikuwa ameinuliwa na Zaituni ili kichwa kikae juu ya maji.

"Nikipumzika sitaanza tena, mama," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama.

Akapiga, akapiga, mpaka pigo moja halikurudisha mlio. Mtaimbo uliingia wote, kama uliotumbukia kwenye unga. Alipouvuta, hewa ilifuata, baridi, yenye harufu ya majani yaliyolowa. Daktari Ansila aliifungulia kinywa kama mtoto anayelishwa.

Masalu alilipanua tundu kwa mkono mmoja mpaka likatosha mtu. Alimshika Daktari Ansila kwapani akamvuta ndani ya shimo la zamani, juu ya rundo la mawe makavu, akarudi kuwavuta wenzake na kigunduzi chao. Juu kabisa palikuwa na kiduara cha mwanga wa mchana. Wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Wanawake waliokuwa wakichuma uyoga mlimani ndio waliowasikia. Walikimbia kuwaita waokoaji, waliokuwa bado wanahangaika na kifusi upande wa pili, kifusi ambacho kila kikitolewa kilishuka kingine. Kamba zikateremshwa. Daktari Ansila alipandishwa kwa machela amekikumbatia kigunduzi kifuani, kwa kuwa alikataa kukiacha, na waliokuwa juu walidhani ni kasha la dawa.

Hapo hadithi ingeweza kwisha, watu wakashukuru Mungu wakaenda kulala. Lakini ahadi ilikuwa imeshatoka kinywani.

Mgodi wa Ilelema ulifungwa kabisa. Maabara yao ya chini ya ardhi ikawa haipo. Daktari Ansila alitoka hospitali na magongo mawili, na kwa kuwa mguu wake hautamshusha tena chini ya ardhi, kazi yake ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kigunduzi, sebuleni kwake, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Wale watatu walikuja kumwona pamoja. Walikula, wakacheka, vyombo vikaondolewa. Zaituni ndiye aliyeanza.

"Mama, ulitoa neno."

"Nilitoa," alisema Daktari Ansila.

"Wenye jaribio la ng'ambo wanatengeneza kigunduzi kipya kikubwa, na wamepungukiwa mabamba. Wamesema nikija na haya, nitayafunga humo kwa mikono yangu, na nitakuwa miongoni mwao. Silaumu mtu. Lakini nisingezinyamazisha pikseli za uongo, Masalu angefungua handaki la maji. Tungekufa wote kabla Ambakisye hajasema bado yake ya pili."

Ambakisye aliweka kikombe chini. "Ulimi wa pikseli uliunyoosha wewe, ni kweli. Lakini pikseli haikusema shimo liko wapi. Ilisema 'nimeguswa', basi. Mimi ndiye niliyeijua njia. Mlima wa kwetu una moto ndani, na watu wanalima mpaka karibu na mdomo wake. Kigunduzi hiki kikikaa ubavuni mwake kwa miaka, kitauona ndani kama tulivyouona ukuta ule. Wazazi wangu wako pale."

Masalu alikuwa amekaa na mkono wake wa kulia mapajani, vidole vitatu na mashina mawili. "Mlijua mlango uko wapi," alisema. "Mkajua, mkasimama mbele yake, maji yanapanda. Nani aliufungua? Kwetu kuna mashimo ya zamani kila mahali, yamefunikwa na nyasi. Kila masika yanameza watu. Nikiwa na chombo hiki nitayatafuta yote, moja baada ya moja, kabla mtu hajatumbukia."

"Lakini Masalu," Zaituni alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda, "ni nani aliyesema dari ni nzima?"

"Ni nani aliyetushusha masika?" Masalu akamjibu. "Si wewe na vizingiti vyako?"

"Na ni nani," walimgeukia Ambakisye wote wawili, "aliyetuweka pale mpaka maji yakamfika mama shingoni?"

"Ningeharakisha mngechimba mlima mtupu!"

"Nyamazeni," alisema Daktari Ansila.

Wakamgeukia.

Aliwauliza kama hawawezi kugawana. Zaituni alitikisa kichwa: mabamba ni machache, ukiyatenganisha hayatengenezi mstari, ukampa kila mtu kipande umempa kila mtu takataka. Aliwauliza kama hawawezi kupokezana. Haikuwezekana: kikishafungwa ndani ya jaribio la ng'ambo hakitoki tena, mlima unahitaji miaka, na mashimo ya Masalu hayana mwisho. Aliwaza kukiuza au kukificha, asimpe yeyote. Lakini alikuwa ametoa neno kwa watu waliokuwa naye gizani, na walikuwa wamelishika.

Tena alikuwa amesema "atakayenitoa". Hakusema "mtakaonitoa". Tangu hospitali alikuwa akijilaumu kwa neno hilo usiku na mchana. Kule Ilelema palikuwa na ukuta wa kupigwa kwa mtaimbo. Humu sebuleni hakuuona. Alimtazama Zaituni, akakumbuka koti likichakachaka gizani. Alimtazama Ambakisye, akakumbuka kiganja alichokikamata huku akimtukana. Aliutazama mkono wa Masalu, akashindwa kuutazama kwa muda mrefu. Kila alipoegemea upande mmoja, sauti za wale wawili wengine zilimwita, mama, mama, na zote zilikuwa za kweli.

Mwishowe alisimama kwenye magongo yake, akaenda kabatini, akakivua kigunduzi kitambaa chake, akakileta mezani. Alikalia kiti, akaweka mikono yake miwili juu ya kasha lenye ufa.

"Nitampa mmoja leo," alisema. "Na nitakayempa, wengine wawili hawatanisamehe. Najua."

Haya. Kigunduzi kiko mezani, watatu wamekaa, na mama amekishika. Bila Zaituni wangezamishwa na uongo wa pikseli. Bila Ambakisye wangechoka kwenye ukuta usio na kitu. Bila Masalu wangekufa wameusimamia mlango wao. Nyinyi mlioketi hapa, semeni: lau mikono ile juu ya kasha ingekuwa yenu, mngekisukuma mbele ya nani? Na wale wawili mngewatazama usoni mkawaambia nini?